Kamera Mikononi mwa Watoto

Kufundisha watoto wa familia maskini kupiga picha, kisha kuzitundika picha zao ukutani ili watu wazitazame, ni kazi yenye umri wa miaka hamsini na kidogo. Imefanyika kwenye mabonde ya wachimba makaa ya mawe nchini Marekani, kwenye jalala la Jiji la Guatemala, Mathare jijini Nairobi, kwenye kituo cha yatima magharibi mwa Rwanda na katika shule za Arusha. Haina mwanzilishi mmoja wala haikutoka kwenye taasisi moja. Ilichipuka mahali mbalimbali kwa sababu inayofanana: watoto maskini walikuwa wamepigwa picha kwa karne nzima, na ni nadra sana mtu kuwauliza wao wangependa kupiga nini.

Huko kupigwa picha kulianza mapema. Mwaka 1874 jijini London, Thomas Barnardo, aliyekuwa akiendesha makao ya watoto wasio na pa kuishi, alifungua idara ya picha ndani ya makao yake. Baadhi ya picha ziliuzwa kwa jozi ili kuchangisha fedha: katika moja mtoto amevaa matambara, katika ya pili mtoto yuleyule ni nadhifu na ana kazi mkononi. Mwaka 1877 malalamiko dhidi ya Barnardo yalifikishwa mbele ya wasuluhishi, nao walilaani tabia ya kupanga picha hizo ili mtoto aonekane hohehahe kuliko alivyokuwa. Jijini New York, mwandishi wa habari Jacob Riis aliingia usiku katika nyumba za wahamiaji akiwa na baruti ya kutoa mwanga, akawapiga picha watu waliokurupuka usingizini; kitabu chake kilitoka mwaka 1890. Lewis Hine, aliyeanza mwaka 1908 kuifanyia kazi kamati ya kitaifa ya Marekani iliyopinga ajira ya watoto, alikuwa muungwana zaidi. Aliwauliza watoto majina na umri, akaandika, na picha zake zilichangia kubadilisha sheria. Hata hivyo, kamera ilibaki mikononi mwake yeye.

Si kwamba kamera ya mtoto haikuwapo. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilitoa Brownie, kijisanduku cha kadibodi kilichouzwa kwa dola 1 ya Marekani, na matangazo yake yaliwalenga watoto waziwazi. Lakini mtoto aliyelengwa ni yule ambaye nyumbani kwao kulikuwa na dola moja ya ziada, na fedha nyingine ya filamu na ya kuisafisha. Mtoto wa kiwandani aliyepigwa picha na Hine hakuwa miongoni mwao.

Moja ya majaribio ya mwanzo yaliyoacha kumbukumbu nzuri yalifanyika Peru mwaka 1973. Serikali ya wakati huo ilikuwa na mpango wa kufuta ujinga wa kusoma na kuandika uliofuata fikra za Paulo Freire, Mbrazili aliyeamini kwamba mtu mzima hujifunza kusoma kwa kuanzia kwenye maisha yake mwenyewe. Mbrazili mwenzake, Augusto Boal, mtu wa maigizo, alishiriki na baadaye akasimulia yaliyotokea. Wanafunzi, watoto wakiwamo, walipewa kamera na kuulizwa maswali ambayo walipaswa kuyajibu kwa picha badala ya maneno. Swali mojawapo lilikuwa: unyonyaji ni nini? Wengine walipiga picha ya mwenye duka, wengine ya mwenye nyumba anayedai kodi. Mtoto mmoja alileta picha ya msumari uliopigiliwa ukutani.

Watu wazima hawakuelewa. Watoto wenzake walielewa papo hapo. Watoto wengi katika kundi lile walikuwa wang'arisha viatu, na kwao kulikuwa mbali na katikati ya mji walikofanyia kazi. Visanduku vya rangi na brashi vilikuwa vizito mno kubebwa kwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo walikodi msumari katika ukuta wa duka ili wavitundike usiku. Mwenye duka alitoza kodi ya msumari. Hakuna mpiga picha wa kutoka nje ambaye angepita pale akauona msumari ule, na hata angeuona asingeona sababu ya kuupiga picha. Hoja yote ya kumpa mtoto kamera imo katika picha hiyo moja.

Aliyeigeuza kazi hii kuwa mafundisho yenye utaratibu ni Wendy Ewald, Mmarekani aliyezaliwa Detroit mwaka 1951. Mwaka 1969, akiwa bado kijana, alikwenda Labrador, Kanada, kufanya kazi na watoto wa Kiinnu, wenyeji wa asili wa eneo lile, akawapa kamera za Polaroid. Yeye mwenyewe alikuwa akipiga picha mahali palepale, na alipolinganisha alikiri kwamba za watoto zilikuwa na mambo mengi zaidi na zilikaribia zaidi hali halisi ya maisha ya pale. Kutoka hapo njia yake ilikuwa imeamuliwa.

Mwaka 1975 alihamia wilaya ya Letcher, mashariki mwa jimbo la Kentucky, katika milima ya Appalachia. Ili kuelewa kazi yake pale ni lazima kujua eneo lile lilikuwa limeteswa na kamera kiasi gani. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alitembelea milima hiyo alipotangaza vita dhidi ya umaskini, na baada yake wakaja waandishi na watengeneza filamu mmoja baada ya mwingine. Wote walitafuta kitu kilekile: kibaraza kilichooza, mtoto pekupeku, uso wenye masizi ya makaa. Watu wa milimani walijiona kwenye televisheni na magazeti, wakaona aibu, kisha hasira. Mwezi Septemba 1967 mtengeneza filamu wa Kanada, Hugh O'Connor, alikuwa akiwarekodi wapangaji wa nyumba moja katika wilaya hiyohiyo ya Letcher. Mwenye nyumba alifika na bunduki akawaamuru waondoke. O'Connor alipigwa risasi akafa akiwa anaondoka. Wakazi wengi walimhurumia aliyeua.

Ewald alifika miaka minane baadaye, naye pia alikuwa mgeni mwenye kamera. Alipata pa kufanyia kazi katika Appalshop, karakana ya filamu iliyoanzishwa mwaka 1969 katika mji mdogo wa Whitesburg ili vijana wa milimani wajifunze kujisimulia wenyewe. Alianza kufundisha katika shule ndogo za mabondeni, mojawapo ikiitwa Kingdom Come. Wanafunzi walikuwa na umri wa kati ya miaka 6 na 14.

Kamera hakuzigawa bure. Kila mtoto alinunua kamera ndogo ya Instamatic kwa dola 10, na asiyekuwa nazo alizitafuta kwa kufyeka nyasi au kuuza keki. Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa. Kamera ya kupewa hubaki mali ya mradi, na mradi ukiisha huondoka nayo. Iliyonunuliwa kwa jasho ni ya mtoto, hata mwalimu akihama. Instamatic, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963, ilifaa kwa sababu filamu yake ilikaa ndani ya kikasha cha plastiki kilichochomekwa tu kwenye kamera, bila kuviringisha wala kuhofia mwanga kuingia.

Mtoto alisafisha filamu mwenyewe, na hapa ndipo somo lilipokuwa zito. Ndani ya chumba cha giza kikasha kilivunjwa na filamu ikazungushwa kwenye kigurudumu cha tangi kwa kupapasa, bila taa yoyote. Dawa ya kwanza ilimiminwa, dakika zikahesabiwa, ikamwagwa. Ikafuata ya kusimamisha, kisha ya kukazia picha isifutike, mwisho maji mengi. Negativu zilianikwa kwa vibanio vya nguo. Zilipokauka, mtoto alichagua moja, akaimulika kwa sekunde chache juu ya karatasi ya kuchapia, akaitumbukiza karatasi kwenye trei, na chini ya taa nyekundu uso wa bibi au wa mbwa wa nyumbani ukaanza kutokea polepole. Dawa ikiwa moto mno au baridi mno picha huharibika, kwa hiyo watoto walijifunza kupima na kuhesabu. Mtoto aliyefeli hesabu ubaoni alizifanya bila kulalamika kwenye trei.

Ewald aliwapa mada nne: jipige mwenyewe, piga familia yako, piga wanyama wako, piga ndoto zako. Tatu za kwanza zilileta picha za karibu ambazo wageni hawakuwahi kuzipata: baba amelala kwenye kochi baada ya zamu ya mgodini, nguruwe siku ya kuchinjwa, ndugu wamebanana kitandani. Mada ya nne ndiyo iliyoshangaza. Ndoto haiwezi kupigwa picha mpaka ipangwe, na watoto wakageuka waongozaji wa mchezo. Mvulana mmoja aliota amemuua rafiki yake kipenzi. Alimchukua rafiki huyohuyo, akamlaza kwenye panda ya mti kama maiti, akapiga picha. Picha hiyo imo katika kitabu cha Ewald na wanafunzi wake, *Portraits and Dreams*, kilichotoka mwaka 1985, na hadi leo ni miongoni mwa zile ambazo watu huzikumbuka kwanza wakitajiwa kazi hii. Haionyeshi umaskini hata kidogo. Inaonyesha hofu ya mtoto, na mtoto wa tajiri anaijua hofu hiyo pia.

Kutoka Kentucky Ewald alifundisha Kolombia, India, Meksiko, Afrika Kusini na kwingineko. Mwaka 1992 alipata tuzo ya MacArthur. Wakati huo kazi ilikuwa imeanza kuenea kupitia watu wengine, na wengi wao walikuwa wapiga picha wa habari waliochoshwa na habari.

Jim Hubbard wa Washington alikuwa mpiga picha wa shirika la habari la UPI. Katika miaka ya 1980 alipiga picha familia zisizo na makazi zilizohifadhiwa katika hoteli chakavu za mji mkuu wa taifa tajiri kuliko yote. Watoto walimzunguka wakitaka kushika kamera yake, naye akaanza kuwafundisha pamoja na wapiga picha wenzake waliojitolea. Mradi ulioitwa Shooting Back ulianza rasmi mwaka 1989, maonyesho yakafunguliwa Washington na kuzunguka miji mingine, na kitabu kikatoka mwaka 1991. Katika picha hizo watoto wasio na nyumba wanaruka, wanacheka, wanabebana mgongoni. Kwa watazamaji waliozoea kuona huzuni tu hilo lilikuwa jambo geni.

Guatemala, Nancy McGirr alifuata mkondo huo mwaka 1991. Alikuwa amepiga picha vita vya Amerika ya Kati kwa ajili ya shirika la habari la Reuters. Alianza na watoto sita, mdogo wao akiwa na miaka 5, ambao familia zao ziliishi kwa kuokota vitu kwenye jalala kuu la Jiji la Guatemala. Jambo la kuheshimiwa katika mradi wake, uliokuja kuitwa Fotokids, ni kudumu kwake. McGirr hakuondoka baada ya kitabu cha mwaka 1995. Aliunganisha kamera na ada ya shule, mwanafunzi akabaki darasani miaka mingi, na waliohitimu wakarudi kufundisha wadogo zao.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii mwaka 1997, Mathare. Bonde la Mathare, kaskazini mashariki mwa katikati ya Nairobi, lilikuwa machimbo ya mawe ya kujengea jiji. Machimbo yalipoachwa, watu wakajenga mabanda ya udongo na mabati kandokando ya mto. Tangu mwaka 1987 kulikuwa na chama cha michezo cha vijana, Mathare Youth Sports Association, ambacho wenyeji wanakiita MYSA kwa kifupi. Utaratibu wake ulijulikana sana: timu ya mpira haikupata pointi kwa kushinda mechi tu, bali pia kwa kufagia na kuzoa takataka mtaani, na usafi ulikuwa na pointi nyingi kuliko ushindi. Kwa hiyo Lana Wong, mpiga picha Mmarekani, alipofika na wazo lake, alikuta watoto waliokwisha kujipanga, wanaojua kufika kwa wakati na kutunza kifaa cha wote. Mwenzake katika kufundisha alikuwa Francis Kimanzi, mwana wa MYSA ambaye Wakenya walikuja kumfahamu zaidi kama kocha wa Harambee Stars, timu ya taifa ya soka.

Vijana waliochaguliwa, wavulana na wasichana, walikuwa 31. Walipewa kamera rahisi za plastiki. Kila wiki walirudisha filamu, wakapewa nyingine, na picha zilizosafishwa zikatandazwa mezani zijadiliwe: hii umeipiga kwa nini, huyu ni nani, mbona umemkata kichwa? Kando ya kila picha kijana aliandika maelezo yake. Wengi hawakuwa wamewahi kushika kamera. Katika mabanda picha ilikuwa jambo la siku maalumu: mpiga picha wa mtaani aliitwa, familia ikavaa vizuri, ikasimama wima mbele ya pazia. Kumpiga mama akiwa ameinama akikuna nazi au akipuliza jiko, bila kumwandaa, lilikuwa jambo la kuzoewa na mpigaji na mpigwaji pia.

Walichokileta kilikuwa maisha yote kwa pamoja. Kulikuwa na pombe ya chang'aa na watu wanaoipika, kulikuwa na chokoraa, watoto wa mitaani, wanaovuta gundi, kulikuwa na maji machafu yanayopita mlangoni. Kulikuwa pia na sherehe, mabondia wakifanya mazoezi, wadada wakisukana nywele, mpira, usingizi wa mchana. Mwandishi wa kutoka nje angechagua fungu moja kati ya hayo mawili kufuatana na habari aliyotumwa. Vijana wa Mathare hawakuona sababu ya kuchagua, maana waliishi ndani ya yote. Kitabu chao, *Shootback*, kilichapishwa London mwaka 1999, na maonyesho yakasafiri nje ya Kenya.

Kipimo cha mradi wa aina hii ni kilichobaki miaka ishirini baadaye, na kwa kipimo hicho Mathare inastahili sifa. Kozi ya picha iliendelea ndani ya MYSA, ikifundishwa na vijana waliopita humo. Mmoja wao, Julius Mwelu, alikuja kuwa mpiga picha wa kulipwa aliyefanya kazi na mashirika ya habari, kisha akaanzisha Mwelu Foundation palepale Mathare, ili kufundisha vijana wengine picha na filamu. Mwalimu sasa alikuwa mtu aliyezaliwa bondeni, anayejua kwa nini mama fulani hataki kupigwa picha na nani wa kuombwa ruhusa kabla ya kupita kwenye kichochoro fulani.

Rwanda ilifuata mwaka 2000. Rosamond Halsey Carr, Mmarekani aliyekuwa ameishi nchini humo kama mkulima wa maua tangu enzi za ukoloni, alifungua kituo cha yatima kiitwacho Imbabazi mwezi Desemba 1994, miezi michache baada ya mauaji ya kimbari. Mpiga picha David Jiranek aliwapa watoto wa kituo hicho kamera za kutumia mara moja na kutupa. Picha zilisafishwa hukohuko nchini, na maonyesho ya kwanza yalikuwa kwenye kuta za kituo chenyewe. Watoto walizitazama, wakazipanga katika albamu. Baadaye ndipo zikapelekwa Kigali, mwaka 2001, na mapato yakaelekezwa kwenye masomo yao. Mwaka huohuo picha ya binti mmoja wa kituo hicho ilishinda nafasi ya kwanza ya picha za watu katika shindano la jarida la Marekani, Camera Arts.

Utaratibu huo wa Imbabazi, kuonyesha nyumbani kwanza, unastahili kutazamwa kwa makini kuliko tuzo. Dunia ilikuwa imejaa picha za Rwanda ya 1994, nyingi zikiwa za maiti. Watoto wa Imbabazi walipiga wenzao wakioga, vilima, majani, kivuli, mtu akitabasamu. Kwa mtoto ambaye hakubakiwa na hata picha moja ya wazazi wake, albamu yenye uso wake mwenyewe ni kumbukumbu kabla ya kuwa sanaa.

Mradi uliojulikana kuliko yote ndio ulioleta ugomvi mkubwa kuliko yote. Zana Briski, mpiga picha mzaliwa wa London, alianza mwaka 1998 kuishi kwa vipindi Sonagachi, mtaa wa madanguro jijini Kolkata, India. Akinamama hawakutaka kupigwa picha. Watoto wao walitaka kupiga. Aliwafundisha, picha zikauzwa kwenye mnada New York ili kulipa ada za shule za bweni, na filamu aliyoitengeneza na Ross Kauffman, *Born into Brothels*, ikapata tuzo ya Oscar mwezi Februari 2005. Sifa zilienea duniani kote.

Lawama nazo zilikuwa za haki. Sonagachi kulikuwa na chama cha wanawake wenyewe, Durbar Mahila Samanwaya Committee, kilichokuwa kikiendesha kliniki na masomo kwa watoto, na filamu haikukitaja, hata mtazamaji akaondoka akiamini kwamba hakuna aliyewajali watoto hao isipokuwa mgeni mmoja. Wengine waliuliza kama akinamama walielewa kwamba sura zao zitaonekana katika kumbi za sinema duniani. Watayarishaji walijibu kwamba hawakutaka filamu ionyeshwe India ili kuwalinda wahusika. Katika enzi ambayo kila kitu kinanakiliwa, kinga hiyo ilikuwa dhaifu. Watoto walipiga picha nzuri sana, hilo halina ubishi. Kilichokosewa ni hadithi iliyozungushiwa picha hizo na watu wazima.

Kutokana na mambo ya namna hii, waliofanya kazi hii walianza kuandika kanuni. Msingi mmoja ulikuwa umewekwa nchini Uchina. Mwaka 1992 Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake 62 wa vijijini katika jimbo la Yunnan, ili picha zao ziwaonyeshe wakuu wa jimbo mahitaji ya afya. Njia hiyo, waliyoipa jina la photovoice katika makala ya mwaka 1997, ina hatua tatu: mpigaji huchagua picha zake mwenyewe, husimulia maana yake, kisha kikundi hutafuta mambo yanayojirudia na kuyapeleka kwa wenye uwezo wa kubadilisha kitu. Ilitengenezwa kwa watu wazima, ikahamia kwa watoto, na shirika la Uingereza lililochukua jina hilohilo lilikua kutokana na masomo ya picha kwa wakimbizi wa Bhutan walioishi Nepal na watoto wa mitaani wa Vietnam.

Kanuni zenyewe si ngumu kuzitaja. Mtoto aombe ruhusa ya anayempiga. Mzazi aombwe ruhusa ya mtoto. Jina la mtoto liwe chini ya picha yake, ila pale ambapo jina linaweza kumdhuru. Hakimiliki iwe yake. Ikiuzwa, mgao wake ujulikane kabla. Ugumu umo katika kuchagua. Mtoto akipiga picha mia, maonyesho yatachukua mbili. Anayechagua akiwa mfadhili au mwenye ukumbi wa Ulaya, upo uwezekano mkubwa achague ile yenye takataka na kuacha ile ya sherehe ya kuzaliwa, na hapo mtoto anakuwa amefanya bure kazi ya mpiga picha wa kutoka nje. Ndiyo maana miradi mizuri humkalisha mtoto mbele ya picha zake na kumpa neno la mwisho, hata akiiacha ile ambayo mwalimu anaiona bora.

Wakati hayo yakiendelea, Ewald alikuwa ameipeleka njia yake darasani kabisa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Duke na shule za umma za mji wa Durham, North Carolina, alijenga mafunzo ya kusoma na kuandika kwa kutumia picha. Mwanafunzi alijifunza kwanza kuisoma picha kama anavyosoma aya: mpaka wa fremu umeacha nini nje, mpigaji amesimama wapi, kwa nini kwa wakati ule, kitu hiki kinasimama badala ya nini. Kisha aliandika, akapiga, akaandika tena. Katika zoezi moja, watoto weusi na weupe walijieleza walivyo, halafu wakajieleza kama wangekuwa wa rangi nyingine. Walipigwa picha kwa hali zote mbili na wakachora kwa kalamu juu ya negativu zao. Shule za Durham zilikuwa zimeunganishwa mwaka 1992 katika mzozo mkali wa rangi, na watoto walisema kwa njia hiyo mambo ambayo wazazi wao hawakuyatamka kwenye vikao.

Mafunzo hayo yalifika Arusha mwaka 2008. Walimu wa shule za Tanzania walihudhuria warsha, na wanafunzi wa Duke wakaja kila mwaka kufanya kazi nao. Mazingira yalilazimisha mabadiliko. Katika darasa lenye wanafunzi wengi kuliko madawati kila mtoto hawezi kuwa na kamera yake, kwa hiyo walifanya kazi kwa vikundi na kila kikundi kilipata nafasi chache za kubonyeza. Uhaba huo ulikuwa na faida yake. Kabla ya kutoka nje, watoto walikubaliana nini kipigwe, nani asimame wapi, na picha ieleze nini katika somo la siku hiyo, liwe la sayansi, la uraia au la lugha. Baadaye picha ilirudi darasani, ikabandikwa, watoto wakaiandikia. Mtoto aliyezoea kunakili ubao alilazimika kutunga sentensi yake mwenyewe, kwa kuwa ile picha hakuna kitabu kilichokuwa nayo.

Arusha inatofautiana na Kolkata kwa jambo kubwa: hakukuwa na mnada wala tuzo ya filamu. Ukuta wa darasa ndio uliokuwa ukumbi, na watazamaji wa kwanza walikuwa wanafunzi wenzao na walimu.

Mwaka 2020 kitabu cha watoto wa Kentucky kilitoka upya, na filamu iliyotengenezwa na Ewald pamoja na Elizabeth Barret wa Appalshop ikawatafuta wanafunzi wa zamani. Walikuwa watu wazima wa miaka arobaini na kitu na hamsini na kitu. Walizitazama picha zao za utotoni na kusimulia yaliyofuata: ndoa, kazi, vifo, magonjwa, kuhama. Waliosimulia walikuwa wao, kama walivyokuwa wao walipopiga.

Leo gharama ya kamera si kikwazo kama zamani. Simu ya mkononi imefika Mathare na imefika Arusha, na picha haihitaji dawa wala chumba cha giza. Kinachokosekana ni mwalimu wa kukaa na mtoto mezani, na mahali pa kutunza picha zake zisipotee simu inapoibiwa. Kwa hiyo anayetaka kuanzisha mradi wa namna hii katika mtaa wake asianze na bajeti ya kamera. Aanze kwa kutafuta mtu wa mtaa huohuo atakayefundisha kwa miaka, si kwa wiki. Akubaliane na wazazi kwa maandishi picha ni za nani na zitatunzwa wapi. Na maonyesho ya kwanza ayafanye pale pale watoto wanapoishi, kabla hajapeleka picha hata moja kwa mfadhili.